Usisubiri eda iishe: kifua cha mama kipimwe leo

Mleta mada, mpeleke mama hospitali kwanza, kisha urudi kusoma yaliyobaki. Umeandika kwamba amefiwa na mume wiki hii, kwamba kifua kinambana na pumzi inamkata tangu siku ya maziko, kwamba wazee wanasema ni huzuni tu na asitolewe nje kwa kuwa yumo edani, na kwamba umesoma mahali kuwa moyo uliodhoofishwa na majonzi, yaani ugonjwa wa takotsubo, hupona wenyewe baada ya wiki chache. Unauliza huzuni inawezaje kulegeza msuli wa moyo, atumie dawa kwa muda gani, na lini ataweza kurudi shambani. Hilo la kupona wenyewe ndilo lililotuponza sisi.

Mama yangu mdogo alishikwa vilevile hapa Tanga baada ya kumzika baba mdogo. Muuza duka la dawa la mtaani, ambaye hakumshika hata mkono kuhesabu mapigo yake, alitangaza kwa sauti ya profesa kwamba huo ni mshtuko wa msiba, akatuuzia vidonge vya usingizi, na mimi niliyejiona msomi kwa kuwa nina intaneti nikamuunga mkono, kwa sababu nilikuwa nimesoma maelezo yaleyale uliyoyasoma wewe. Mjomba akahitimisha kwamba mjane hatoki, ilhali sheikh yeyote ambaye tungemuuliza angetujibu kwamba mwenye eda huruhusiwa kutoka kwa dharura ya matibabu. Hatukuuliza, tulikuwa na mfamasia asiye na cheti na mufti asiye na kitabu. Asubuhi moja kikombe cha uji kilimponyoka mkono wa kulia, uji ukamwagika kwenye kanga, naye alipotaka kusema neno midomo ikapinda. Kilikuwa kiharusi. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha ncha ya chini ya moyo imetuna bila kusukuma, na ndani yake donge la damu, ambalo kwa maelezo ya daktari ndilo lililomega kipande kikapanda kichwani. Moyo wake ulipona kweli, kama nilivyosoma. Mkono haujapona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na cheti pekee nilicho nacho ni cha ndoa, kwa hiyo madaktari wa humu wanirekebishe taratibu, lakini mambo haya nimeyafuatilia kwa hasira ya kutosha. Ubongo ukipokea pigo zito huamsha neva za dharura, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walichapisha vipimo vya wagonjwa wa aina hii, na kemikali hizo zilikuwa mara 2 hadi 3 ya zile walizozikuta kwa wagonjwa wa shambulio la kawaida la moyo, lile la mshipa wa moyo kuziba. Adrenalini ya kiasi huufanya moyo usukume kwa nguvu zaidi. Ikizidi mno, vipokezi vya beta-2, yaani milango ya seli inayopokea adrenalini, ambavyo ni vingi zaidi kwenye ncha ya moyo, hubadili njia ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, na seli iliyokuwa ikiamriwa kukaza ikaamriwa kulegea. Hayo yalionyeshwa kwa panya mwaka 2012, na walioyachunguza waliona kwamba huenda ni namna ya kujikinga, maana seli inayochochewa kupita kiasi hujaa kalsiamu na inaweza kufa. Inaaminika pia kwamba mishipa midogo kabisa ya moyo hubana. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao waliokwisha koma hedhi, na upungufu wa estrojeni, homoni ya kike, unashukiwa kuchangia.

Matokeo yake ni kwamba sehemu ya juu ya chumba cha kushoto hukaza kwa nguvu huku ya chini ikituna na kulala. Damu inayotuama hapo chini huweza kuganda, na mapigo huweza kuvurugika. Isitoshe, kwa baadhi ya wagonjwa ile sehemu ya juu hubana hadi kuziba njia ya damu kutoka, na hapo dawa za kuuchochea moyo, ambazo kwa mgonjwa mwingine zingeokoa maisha, huzidisha madhara. Ndiyo maana hakuna wa kubahatisha.

Kanuni yangu ni moja: kifua kikibana, huzuni haikubaliwi kuwa jibu mpaka mashine iseme. Kipimo cha umeme wa moyo cha takotsubo huweza kufanana kabisa na cha shambulio la moyo, troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, hupanda katika yote mawili, na utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hatari ya shambulio la kawaida la moyo huongezeka takriban mara 21 ndani ya saa 24 za kufiwa na mtu wa karibu. Kwa hiyo msiba haumwondolei mama yako shaka ya mshipa ulioziba; unaiongeza.

Ukifika mapokezi usianze na habari za msiba, kwa maana watakupa pole na benchi la kusubiria. Sema "maumivu ya kifua na kukosa pumzi", taja kila kidonge alichomeza, udai kipimo cha umeme wa moyo, troponini na eko. Wakikosa mashine, omba rufaa, na teksi iliyowaleta isiondoke.