Msuko umekazwa hadi vipele? Fumua mbele leo

Pole dada. Kulipa 4,500 kwenye saluni inayovuma hapa Kisumu, halafu ulale umekaa kwa vile kichwa hakigusiki, inauma mara mbili. Usikubali ile "italegea yenyewe" ya msusi. Vipele vyeupe pale kwenye paji la uso ni dalili kwamba mizizi inavutwa. Ukizoea kusukwa hivyo, nywele za mbele huisha na zingine hazirudi. Fumua mistari ya mbele leo, hata roho ikikataa. Jeli usipake. Vipele vikitoa usaha, muone daktari wa ngozi.

Pesa? Piga picha, tunza ujumbe wa M-Pesa, uongee na mwenye saluni kabla wateja hawajajaa. Kurudishiwa zote sidhani. Omba usukwe upya mbele bure, ngozi ikishapona, na msusi mwingine.