Helikopta Haiji Kwa Sadala

Juzi msomaji mmoja wa Njiro kaniandikia. Anaomba nafasi ya uzamili, anataka kulinganisha huduma za majeruhi wa kichwa kabla hawajafika hospitali: Ujerumani, Marekani na hapa kwetu. Aanzie wapi? Nikacheka, kisha nikanuna. Mada hiyohiyo ndiyo iliyoniangusha mbele ya maprofesa.

Slaidi zangu zilikuwa nzuri, nasema mwenyewe. Ujerumani daktari hupanda gari au helikopta akamfuata majeruhi barabarani. Marekani kazi hiyo ni ya wahudumu waliosomea dharura. San Diego waliwaruhusu kumlaza majeruhi kwa dawa na kumpitishia mpira wa kupumulia palepale. Matokeo ya 2003 yakaonyesha vifo vimeongezeka, na wengi walikuwa wamepuliziwa hewa kupita kiasi. Australia, jimbo la Victoria, wakajaribu jambo lilelile, na 2010 wakaripoti waliopona vizuri ni 51% ya waliopitishiwa mpira palepale, dhidi ya 39% ya waliosubiri hospitali. Hapo nikajua nimewamaliza.

Profesa mmoja akauliza: "Saa mbili usiku, Kwa Sadala, kule Hai, nani anamnyanyua?"

Nikababaika. Na jibu nilikuwa nalo, maana ni mimi. Mdogo wangu alipoanguka na bodaboda tulimbeba wanne, kila mmoja na kiungo chake, kichwa kinaning'inia kama cha kuku. Tukamkunja siti ya nyuma ya Noah, kidevu kifuani, anakoroma. Nikasema afadhali, kalala. Kumbe ule mkoromo ni hewa inayopita kwa taabu. Leo anatembea, anaongea, ila jina la mwanawe humpotea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usianze na helikopta. Anza na anayeshika kichwa. Ubongo ulioumia hupigwa mara ya pili na kukosa hewa na presha kushuka, uwe Arizona au Hai. Arizona walipowafundisha wahudumu hayo tu, oksijeni, presha, usipulize kupita kiasi, ripoti ya 2019 ikaonyesha uwezekano wa kunusurika kwa walioumia sana umeongezeka maradufu.

Mimi siku hizi naenda vijiwe vya bodaboda kufundisha: kichwa na mwili vigeuke pamoja, akitapika mlaze ubavu, usimpe maji. Mara ya kwanza walikuja wanne, wawili wakaulizia posho. Utafiti wako uko pale, siyo kwenye helikopta. Muulize kila mmoja mara ya mwisho alimbebaje majeruhi. Atanyamaza kwanza. Msubiri.