Je, serikali inadhibiti "matumizi salama" ya mionzi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu ameandika kwamba Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina kazi ya "kudhibiti matumizi salama ya mionzi". Nilimsahihisha, akaniambia kwamba hata kwenye taarifa za habari husemwa hivyo. Nani yuko sahihi? Na je, mionzi inaweza "kuibwa" au "kuambukizwa"?

JIBU: Mwalimu, sahihisho lako lina msingi. Kudhibiti ni kukibana kitu kisivuke mpaka. Tunadhibiti magendo, mfumuko wa bei, nzige, yaani mambo ambayo yakiachiwa yataleta madhara. Ukisema unadhibiti matumizi salama, anayeyachukua maneno kama yalivyo ataelewa kwamba unaoubana ni usalama wenyewe. Sema "kudhibiti matumizi ya mionzi ili yawe salama", au "kuhakikisha mionzi inatumiwa kwa usalama". Nadhani kosa limetokana na haraka ya kufupisha.

Hata hivyo, kitenzi chenyewe usikitupe. Wapo wanaopendelea "kukagua", lakini ukaguzi ni sehemu tu ya kazi hii. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki, Na. 7 ya mwaka 2003, hospitali haiwashi mashine ya eksirei kabla ya kupata idhini. Wakaguzi hufika na kipimo, wakasimama nyuma ya mlango na ukuta wa chumba cha eksirei kuona kama mionzi inapenya. Mhudumu naye huvaa kifuani kifaa kidogo kinachohifadhi kumbukumbu ya kiasi cha mionzi kilichompata, na baada ya muda kifaa hicho hupelekwa kusomwa. Kutoa leseni, kukagua, kupima, kufungia: yote hayo kwa pamoja ndiyo udhibiti. Kusimamia mashine siku kwa siku ni kazi ya hospitali yenyewe, na kuichanganya Tume na hospitali ni kuficha nani awajibike mambo yakiharibika.

Sasa hilo la kuibwa. Mwizi haibi mwanga, huiba taa. Vivyo hivyo, kinachoibwa ni chanzo cha mionzi. Tofauti hii naishikilia sana kwa sababu ya yaliyotokea Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Kliniki moja ya tiba ya saratani ilikuwa imehama ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu-137, kitu kinachotoa mionzi, bila kuiarifu mamlaka iliyotoa leseni. Watu wawili waliing'oa, ikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, na watu 249 walikutwa na uchafu huo mwilini au kwenye nguo. Anayeandika kwamba "mionzi iliibwa" hamsaidii fundi wa skrepa hata kidogo. Akiandika "chanzo cha mionzi, kichwa kizito cha chuma kutoka kwenye mashine ya hospitali", fundi atajua asichopaswa kugusa.

"Kuambukizwa mionzi" ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa maambukizi ni ya vijidudu. Aliyepigwa eksirei hatoki na mionzi mwilini. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Aliyeangukiwa na unga nururifu, yaani unaotoa mionzi, amechafuliwa: unga ulio juu ya ngozi huoshwa, ingawa kabla ya kuoshwa unaweza kuhamia kwa amshikaye mkono. Kwa hiyo andika "kupigwa na mionzi" kwa wa kwanza na "kuchafuliwa" kwa wa pili. Huko Goiânia hofu iliwafuata hata wasioguswa na unga, ikabidi wapewe hati za kuthibitisha kwamba ni safi.

Yupo mmoja anayewatatiza wengi: mgonjwa wa tezi ya shingo aliyemezeshwa iodini nururifu. Huyo kweli hutoa mionzi kwa siku kadhaa, na hospitali humwagiza akae mbali na watoto na wajawazito. Lakini hata kwake usiandike "anaambukiza". Andika "anatoa mionzi", kisha utaje ni kwa siku ngapi ameagizwa kujitenga.