Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Sokwe Hukawia Kuachisha Ziwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini sokwe jike humnyonyesha mtoto wake miaka minne, hata mitano, ilhali mimi nilikuachisha ziwa kabla hujatimiza miwili. Na kwa kuwa sasa nawe una mtoto mchanga kifuani, naona nyuma ya swali hilo una wasiwasi kwamba huenda sisi binadamu tunawapunja watoto wetu. Hatuwapunji.

Tazama kwanza ni nani amlishaye mtoto baada ya ziwa. Mtoto wa sokwe akishaachishwa hujitafutia karibu kila anachokula, hivyo ni lazima kabla ya hapo awe amejifunza kazi hiyo, nayo haifunzwi kwa siku moja. Kule Gombe, Tanzania, ambako mtafiti Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe mwaka 1960, sokwe huvua mchwa. Mama huchuma unyasi, huukata kwa meno upate urefu unaofaa, huupenyeza polepole katika tundu la kichuguu, husubiri mchwa waung'ate, kisha huuchomoa taratibu wasipukutike. Mtoto aliyeketi ubavuni mwake huokota unyasi uliotupwa, huuchomeka vivyo hivyo, nao hutoka mtupu, tena na tena, pengine kwa miaka. Watoto wa kike huwahi kujua kuliko wa kiume, kwa kuwa wao hukaa wakimtazama mama wakati ndugu zao wanacheza; jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Muda wote huo mwili wa mama nao husubiri. Kunyonywa mara kwa mara huzuia yai kupevuka, na mama anayetegemea matunda ya msimu hawezi kwa urahisi kumnyonyesha mmoja huku akibeba mimba ya mwingine kwa miezi minane. Ndiyo maana huzaa takriban kila baada ya miaka mitano au sita. Orangutani, nyani mkubwa wa visiwa vya Borneo na Sumatra, ambaye hulea bila msaada wa dume, hukawia zaidi.

Mamoseti, kima wadogo wa Amerika Kusini, wako kinyume kabisa: huzaa mapacha, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu baba na ndugu wakubwa ndio wanaowabeba watoto, mama akabakiwa na kunyonyesha. Katika hili sisi tunawakaribia mamoseti kuliko sokwe. Ulipoacha ziwa, bibi yako alikupondea chakula na baba yako akakulisha kwa kijiko. Hukuhitaji kujua lolote kwanza.

Hata hivyo, usimwachishe kwa pupa. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha yaendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Wala usione ajabu atakapolia, kwani watoto wa sokwe nao hulia na kujitupa chini wanapokatazwa ziwa. Flo, sokwe mzee wa Gombe, hakuweza kumkataza mwanawe Flint, aliyeendelea kumng'ang'ania mama hata alipokuwa mkubwa; Flo alipokufa mwaka 1972, Flint, mwenye umri wa takriban miaka 8, alizubaa, akaacha kula, akafa wiki chache baadaye.

Mwisho wa mwezi nitakuja kukaa nanyi. Nitambeba mtoto, nawe upate kulala.

Mama yako