Kabla Hujapulizia Rangi Albamu ya Kwanjula

Kila mgeni anayekuja kujifunza kupamba kadi na albamu mezani kwangu hapa Kampala huanza na swali lile lile: ninunue rangi gani? Simjibu. Namkabidhi mfuko wa vipande vya karatasi nilivyookota Nasser Road, kule kwa wapiga chapa, ambako mashine za kukata hubakiza vipande vya kila aina.

Dondosha tone moja la wino juu ya kila kipande, kisha kaa utazame. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 italinywa papo hapo, tone litaota sharubu pembeni, na karatasi yenyewe itajikunja kama chapati ya jana. Manila nzito, gramu 200 kwenda juu, itavumilia. Ile ya kung'aa itagoma: tone litabaki juu, na ukiligusa litakufuata kidoleni.

Hapo ndipo tunazungumza wino. Uko ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Huo huzama kwenye nyuzi na kukauka upesi, ila jua huufifisha. Upo mwingine wa chembechembe, hukaa juu ya karatasi, hauogopi sana mwanga, lakini una uvivu wa kukauka. Ukiupiga muhuri juu ya karatasi ya kung'aa unaweza kuukuta mbichi hata kesho yake. Kwa karatasi hiyo, na kwa plastiki na bati, tumia wino wa spiriti. Fungua dirisha, na umeme ukikatika usithubutu kuwasha mshumaa ukaendelea na kazi. Spiriti ni spiriti.

Rangi za kupulizia ndizo zinazowapendeza wageni, na ndizo zilizoniaibisha. Nilikuwa na albamu ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, picha zimeshabandikwa, nikaona ukurasa umepooza. Nikapuliza dhahabu kidogo tu. Kumbe picha zilikuwa zimechapwa kwa printa ya wino wa maji. Wekundu wa gomesi, gauni refu la senga (shangazi wa bibi harusi), ukahamia kwenye kanzu za wazee, na mimi nimesimama na chupa mkononi. Nilizichapisha upya kwa pesa yangu. Tangu siku ile napaka rangi kwanza, ukurasa unalala usiku mzima, picha zinaingia mwisho.

Mng'ao wa rangi hizo ni unga wa mika, madini yanayometameta, nao hutuama chini. Tikisa chupa kila unapotaka kupuliza, la sivyo utapuliza maji ya rangi tu na unga utaziba mrija. Puliza la kwanza liende kwenye gazeti. Bonyeza mpaka mwisho, maana ukibonyeza nusu nusu yanatoka matone makubwa kama mate ya mtoto. Kazi iweke ndani ya katoni iliyolazwa ubavu, usije ukapaka ukuta wa mwenye nyumba. Ukimaliza, puliza maji safi mpaka yatoke meupe. Kama ulipuliza juu ya kiolezo, yaani kadi iliyotobolewa umbo, ukikiinua kigeuze juu ya karatasi nyingine: rangi iliyobaki inakupa ukurasa wa pili bure.

Majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hewa ina unyevu na wino hukauka kwa kusuasua. Usiikimbize kazi kwa pasi ya mkaa. Niliwahi kujaribu, jivu likadondoka katikati ya jina la bibi harusi.

Lubugo, kitambaa cha gome la mti, kwa jalada ni zuri mno, lakini gome hilo la mti wa mutuba lina kahawia yake na linakunywa kweli kweli. Wino mwepesi ukiumwaga juu yake unageuka tope. Linataka rangi nzito inayofunika, nyeupe au dhahabu.

Majani ya chai na manjano ya jikoni? Kwa kadi, sawa. Kwenye albamu, hapana: chai ina asidi, haifai kukaa karibu na picha, na manjano yakiguswa na sabuni yanageuka mekundu. Tena hayawezi jua. Kata kipande ulichokipaka, nusu moja ibandike dirishani, nyingine ifiche ndani ya kitabu, nyuma uandike tarehe na jina la rangi. Cha kwangu cha manjano bado kiko dirishani. Wageni huniuliza kwa nini nimebandika karatasi tupu.