Usichape hicho kijitabu kabla hujamwita unayetaka kumcheka

Usichape. Kama umeshapeleka kwa mchapaji, amka mapema kesho ukamsimamishe.

Nimesoma swali lako mara tatu. Unasema hapo Nairobi mko meza mbili za michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo msimulizi anaeleza kisa, kila mchezaji anamwongoza mhusika wake, na dadu huamua kama amefaulu. Nyinyi mnacheza Pathfinder, wenzenu wanacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, na msimulizi wao anawaita nyinyi makarani kwa sababu kila mkirusha dadu mnahesabu nyongeza kama wahasibu. Sasa umeandika kisa cha kurasa 20 ambamo yeye ni mfalme wa mazimwi asiyejua kujumlisha, na unataka kukigawa wachezaji watakapokutana Desemba. Unauliza utumie kanuni zipi, mchoraji alipwe kiasi gani, karatasi iwe ya aina gani, na kama uandike jina lake halisi au ulibadilishe kidogo.

Hilo la jina ndilo lililoninyima usingizi. Mimi nililibadilisha kidogo. Herufi mbili tu. Kila mtu akamjua kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, na mimi nikajiona mjanja.

Nilifika Saint Paul, Minnesota, mwaka 2007 kwa masomo. Baridi ile usiniulize. Duka moja la michezo lilikuwa na chumba chini ya ngazi, na kila Ijumaa jioni watu walicheza huko mpaka saa tano usiku. Mzee mmoja ndiye aliyenivuta kiti. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, naye alinisubiri nimalize sentensi, kisha akaniuliza: mhusika wako anafanya nini? Hakuniuliza ninatoka wapi, hakuniuliza kuhusu simba. Alinipa dadu ya pande 20 ya bluu iliyochakaa pembe. Ndiye aliyenieleza kwamba mji ule ndiko Dave Arneson alikoanza kuwaongoza wenzake katika nchi yake ya kubuni ya Blackmoor mwaka 1971, miaka mitatu kabla ya yeye na Gary Gygax kutoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza. Nilijiona kama mtu aliyefundishwa kuogelea pale pale mto unapoanzia.

Mwaka 2008 likatoka toleo la 4 la mchezo huo. Wewe labda ulikuwa mdogo, kwa hiyo nikueleze: ilikuwa vita. Mchawi wa zamani aliyekuwa akichagua asubuhi maneno yake ya uchawi kwa siku nzima, sasa alikuwa na mbinu za kila zamu, za kila pambano na za kila siku, kama walivyo askari na wezi. Wengine wakafurahi kwamba hatimaye kila mchezaji ana la kufanya. Wengine wakasema mchezo umeuawa. Mwaka uliofuata Pathfinder ikatoka ikiendeleza kanuni za zamani, na chumba chetu kikagawanyika. Mzee akabaki na toleo la 4. Mimi nikahamia meza ya pili pamoja na vijana waliojiona walinzi wa mila. Watu wazima waliokula sahani moja miaka miwili wakaacha kusalimiana kwa sababu ya hesabu za mchawi.

Kwenye meza yetu kulikuwa na mtu aliyejiita mkongwe. Alikuwa na dadu nyingi kuliko marafiki. Huyu ndiye aliyenipotosha, na mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Alinikalisha akanipa historia nzima ya kejeli katika mchezo huu, kana kwamba ananikabidhi urithi. Akasema mwaka 1975 Ken St. Andre kule Phoenix aliona kanuni za Gygax hazieleweki, akaandika Tunnels & Trolls, mchezo wa dadu za kawaida za pande 6 wenye maneno ya uchawi ya kuchekesha. Kweli. Akasema HackMaster ulianza kama mchezo wa kubuniwa ndani ya vibonzo, ukachapwa mwaka 2001 ukiitwa toleo la 4 ilhali la 1, la 2 na la 3 hayakuwahi kuwepo. Kweli pia. Kisha akachomeka uongo wake katikati: kwamba hata Arneson na Gygax walikuwa wakikejeliana tu, na bila kejeli mchezo huu usingekua.

Hawakukejeliana. Arneson alikwenda mahakamani mwaka 1979 kudai jina lake na mirabaha yake, na wakapatana mwaka 1981. Watu wawili walioanzisha jambo kubwa pamoja walizungumza kwa midomo ya mawakili. Ukiona mtu anakuuzia ugomvi huo kama utani, jua anataka wewe ndiye upigane.

Mkongwe huyo huyo ndiye aliyeniambia: andika wewe, una kipaji, mimi nikiandika watasema ni chuki. Nimekuja kuyaelewa maneno hayo nikiwa nimechelewa. Nawe jiulize: nani amekwambia una kipaji cha kuandika kisa hiki, na kwa nini hakiandiki yeye?

Nikaandika. Kurasa 24, kopi 60, dola 90 zangu mwenyewe. Mzee akawa mchawi mkuu anayewagawia askari wake kadi, kadi ya kupiga, kadi ya kukimbia, kadi ya kupumua, na askari aliyepoteza kadi ya kupumua anaanguka. Hiyo ilikuwa kejeli halali. Wacheza toleo la 4 walitembea na kadi za mbinu kweli, na kadi hujibiwa kwa kadi. Ningeishia hapo nisingekuwa na la kukuandikia leo.

Lakini mfalme wa kejeli anahitaji watumwa wa kumsifu. Nikamwekea vibwengo wanne miguuni. Akisema neno, wanalirudia. Akisema sentensi, wanarudia mwisho wake, wakiikosea. Nikawapa lafudhi. Nilikaa usiku kucha nikiipanga lafudhi ile, na chumba kizima kilichekea vibwengo kuliko kadi zote.

Kwenye meza ya mzee kulikuwa na kijana wa miaka 15, Mkongo wa Kivu, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla familia yake haijaletwa Marekani. Mimi na yeye ndio pekee tulioongea Kiswahili chumbani mle, yeye cha kwao, mimi cha Tanga. Aliniita yaya. Kwao yaya si mlezi wa watoto, ni kaka mkubwa. Alikuwa na desturi moja: mzee akieleza jambo, kijana alirudia maneno ya mwisho kwa sauti ya chini kabla ya kurusha dadu, ili ayashike. Alikuwa anajifunza Kiingereza pale, kati ya mahandaki na mazimwi, kama mimi nilivyojifunza.

Ijumaa ya pili baada ya kugawa kopi alinifuata kwenye ngazi, kijitabu mkononi. Akanifungulia ukurasa wa 14.

"Yaya, huyu kibwengo ni miye?"

Nikamwambia hapana. Na sikuwa nimemkusudia, hilo naapa. Lakini miezi minane nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake kila Ijumaa nikimsikia. Kalamu ilijua ilikokwenda kuchukua. Nililenga mtu mkubwa mwenye uwezo wa kujibu, nikampiga mdogo aliyekaa nyuma yake, na huyo mdogo alikuwa wa kwangu.

Hakurudi. Mzee alikuja mezani kwetu, akaweka kijitabu, akasema ukurasa wa kadi ameucheka mpaka machozi. Akafungua wa 14, akauacha wazi mbele yangu, akaondoka. Mkongwe akamfokea mgongoni kwamba hajui mzaha. Yakawa makelele, mtu akapindua meza, ramani ya kisa kilichochezwa kwa miaka mitatu ikalowa kahawa. Wiki ile mwenye duka akafunga chumba. Meza mbili, watu 13, hakuna aliyebaki na pa kuchezea. Nilikwenda nyumbani kwa kijana kuomba radhi. Mama yake alinipa chai na maandazi kama mgeni wa heshima, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza. Kijana alikuwa na adabu zote. Akasema sasa anacheza mpira. Akanipa mfuko mdogo wa dadu alizopewa na mzee, nimrudishie.

Sasa nisikilize. Sisi watu wa pwani na bara ya Tanzania hatuhitaji mkongwe wa Minnesota atufundishe kucheka wenzetu. Mimi kwa baba ni Mpare, na Wachaga ni watani zetu. Mchaga akija msibani kwetu anaweza kusimama mbele ya jeneza aseme huyu kafa makusudi asilipe deni, na waliokuwa wakilia wakacheka. Kwa nini hapigwi? Kwa sababu amekuja mwenyewe, amesimama mbele yetu, na kesho msiba ukiwa kwao nasi tutakwenda kusema ya kwetu. Utani una zamu. Hata Simba na Yanga, pamoja na maneno yote, wanakutana uwanjani dakika 90. Mimi niliyelelewa na utani nilikwenda ugenini nikaandika kitu kisicho na zamu, nikakigawa niliowacheka wakiwa wamenipa mgongo.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka unichoke: anayechekwa awe mezani, dadu mkononi, na zamu yake ya kujibu. Kabla ya mchapaji. Kabla ya mchoraji. Kisa kichezwe naye kwanza kikiwa bado ni karatasi za kuandikwa kwa mkono.

Itazame michezo ya kejeli iliyodumu, utaikuta kanuni hiyo ndani yake. Paranoia wa mwaka 1984, kazi ya Greg Costikyan, Dan Gelber na Eric Goldberg: wachezaji wanaishi chini ya kompyuta inayojiita rafiki yao na kuwinda wasaliti, ilhali kila mmoja wao kwa siri ni msaliti. Kila mtu ana miili sita, akifa analetwa pacha wake. Mchezaji akionyesha kwamba anazijua kanuni, huo nao ni uhaini. Unamcheka wakili wa kanuni, yule mchezaji anayebishania kila sheria ya mchezo, lakini wakili yupo hapo, na dakika mbili baadaye anakushitaki wewe kwa kompyuta. Au Munchkin, karata za Steve Jackson Games zilizotoka mwaka 2001 na michoro ya John Kovalic. Jina lenyewe lilikuwa tusi la mchezaji mlafi wa nguvu na hazina. Ukiucheza unakuwa mlafi huyo, na jirani yako pia. Hakuna anayesimama nje akinyoosha kidole.

Halafu utazame ule usiodumu. Wachezaji walisubiri tangu miaka ya 1970 kuchapwa kwa mahandaki ya Castle Greyhawk, ngome ya kubuni, yale Gygax aliyoyabuni nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin. Gygax akaondoka mwaka 1986 katika TSR, kampuni iliyokuwa ikichapisha mchezo wake. Mwaka 1988 kampuni ikatoa kitabu chenye jina hilo hilo, na ndani yake mizaha mitupu, utani wa filamu na televisheni za Kimarekani, ghorofa baada ya ghorofa. Mwenye mahandaki hakuwepo kujibu. Na mnunuzi aliyelipa akitarajia ndoto ya utoto wake ndiye aliyegeuzwa kichekesho. Najua wapo wanaokitetea kitabu kile. Mimi siwezi, kwa sababu nimekishika mkononi nikakiona kijitabu changu.

Mwaka mmoja baada ya aibu ile, mzee alinipigia simu. Alikuwa na kopi ya zamani ya Paranoia na sebule kubwa. Alialika watu wa meza zote mbili, isipokuwa mmoja, unamjua. Jioni ile nilikufa mara nne, mara mbili kwa kushitakiwa na mzee mwenyewe kwamba nimetumia lafudhi isiyoidhinishwa na kompyuta. Alinitazama machoni alipolisema. Nikalipokea, nilistahili, na zamu yangu ilipofika nikamshitaki kwa kumiliki kadi ya kupumua. Alicheka akashika mbavu. Mfuko wa dadu za kijana nilikuwa nimemletea, akakataa kuupokea. Alisema zile dadu si zake.

Kwa hiyo usiniulize kama herufi mbili zinatosha kulificha jina. Kitafute kisa chako, kipitie mstari kwa mstari, na kila palipo na mfuasi, mtumwa, kibwengo, mjinga asiye na jina aliyewekwa hapo kumchekesha mfalme, simama ujiulize ni nani katika meza yao anazungumza hivyo, anavaa hivyo, ana miaka 15. Ukimpata, futa. Ukiwa huwajui watu wa meza yao kiasi cha kujiuliza swali hilo, basi huna haki ya kuwaandika bado.

Kisha mpigie msimulizi wao. Leo, si Desemba. Mwambie umeandika kisa, mfalme wake hajui kujumlisha, na unataka yeye ndiye amcheze mfalme. Akikutukana, umeokoa pesa za uchapaji. Akikubali, mpe ruhusa aandike kurasa 20 za makarani, na nyinyi mkae mzicheze.