Kirusi kwenye uvimbe wa koo kinatabiri nini?

SWALI: Daktari, salaam. Kaka yangu, mvutaji sigara wa miaka mingi, amegundulika kuwa na saratani ya tonsili, na majibu ya maabara yanasema "p16 chanya". Tumeambiwa kwamba hiyo ni dalili njema kwa kuwa uvimbe umetokana na kirusi. Je, ni kweli? Na je, anaweza kupunguziwa matibabu? – Msomaji, Jinja

JIBU: Poleni sana kwa kuuguza. Mliyoambiwa yana msingi. Kirusi chenyewe ni HPV, hasa aina ya 16, ambacho pia husababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Kikishaingia kwenye seli huzima breki za ukuaji wake, na matokeo yake seli hurundika protini ya p16. Maabara hukata utando mwembamba wa nyama iliyohifadhiwa kwenye nta, huutia rangi, na kwa kawaida jibu huwa chanya endapo angalau asilimia 70 ya seli za uvimbe zimekolea kahawia.

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 82 hivi ya wagonjwa wa saratani ya tonsili na shina la ulimi waliokuwa na HPV walikuwa hai baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 57 ya wasio nacho. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kuwa sigara hupunguza nafuu hiyo, kwa hiyo kaka yako aiache leo, si baada ya tiba.

Tena, p16 ni alama ya kirusi, si kirusi chenyewe. Hapa kwetu, ambako tumbaku na pombe kali zinachangia sana saratani za koo, p16 inaweza kuwa chanya pasipo HPV, na mgonjwa wa namna hiyo hana matarajio mazuri kama mwenye vyote viwili. Mkiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ulizeni kama kipimo cha HPV yenyewe kinawezekana.

Kuhusu kupunguza matibabu, nasema hapana. Majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2018 yaliwapa wagonjwa wenye HPV setuksimabu, dawa inayolenga seli za saratani, badala ya sisiplatini, dawa ya kemikali inayotolewa kwa kawaida pamoja na mionzi, watafiti wakitarajia madhara madogo, na waliopewa setuksimabu ndio waliokufa zaidi. Kaka yako amalize mionzi yote bila kuruka siku, hata koo likimuuma kiasi cha kushindwa kumeza uji. Maumivu hayo yana dawa, na awaambie wauguzi mapema.